Njia ya Kiboko, Safi Kuliko ya Muhumba

Kiboko ana masikio madogo mno. Hilo ndilo jambo la kwanza nililoliona, na mpaka leo halijaniingia akilini: mnyama mkubwa kama lori la mchanga, halafu masikio kama mishikio ya kikombe. Yalikuwa yanacheza-cheza nyuma ya bega la binti ya shangazi yangu, na yeye hakujua. Aliyemvuta mpaka pale ni mimi. Nilimvuta kwa mzaha.

Ninaandika haya kwa ajili yenu wenzangu wa Bukavu mnaoteremka uwanda wa Ruzizi wakati wa likizo, kwa sababu kosa nililofanya ni la kwetu kabisa. Sisi tumelelewa na ziwa lisilouma. Kivu haina mamba, haina kiboko. Kitu kibaya kuliko vyote nilichowahi kukanyaga ndani yake ni chupi ya mtu. Tangu utotoni tunajitupa majini macho yamefungwa, ndiyo maana nilipofika Kamanyola kwa shangazi nilicheka mpaka nikakaa chini. Binti yake alikuwa amesimama mbali na ukingo wa mto, bidoni ya maji mkononi, anatazama mto, anasikiliza, hateki. Tuko umri mmoja. Ananizidi miezi miwili na hasahau kunikumbusha.

"Unaomba maji ruhusa?" nikamuuliza.

"Ninaangaliaka nani iko ndani."

"Umukute nani? Prefe wa masomo wa shule yetu?"

"Cheka tu. Siku moja meno yako itabaki inje."

Kila asubuhi tulikwenda shambani kwao, mahindi na nyanya. Kati ya shamba na mto kulikuwa na matete marefu kuliko tonton, baba yake, ambaye si mfupi. Na ndani ya matete kulikuwa na njia. Jamani, njia! Safi, laini, imesuguliwa kama sakafu ya kanisa siku ya Pasaka. Katikati tuta dogo la udongo, kuume na kushoto mfereji mmoja mmoja, utafikiri gari linapita kila siku. Kwetu Muhumba kuna mashimo barabarani yenye umri mkubwa kuliko mimi.

"Depite gani wa bunge anaishi huku?" nikauliza. "Amejitengenezea barabara peke yake."

"Haiko ya batu ile. Iko ya kiboko. Miguu yake iko mbali-mbali, kuume na kushoto, njo maana inachora mistari mbili. Pa katikati haikanyagake."

Matete ya pembeni yalikuwa yamepakwa mavi mpaka usawa wa kiuno changu. Nikamuuliza ni ng'ombe gani wa huku anayekunya huku ameruka juu.

"Njo yeye tena. Anapiga na mukia, inatapanyika. Na ile majani fupi pale, kama ya uwanja ya mupira, anaikataka na midomo. Usiku anapanda kula, jua ikitoka ameisha kurudi. Lakini siku ya mawingu anachelewaka. Ukimukuta, usikimbie mu njia yake, na usikimbilie mu maji, sababu kule njo kwake. Toka kando. Unasikia? Kando."

"Ndiyo, profesa!" nikapiga saluti.

Yaani niliambiwa yote. Somo zima, bure, na mfano mbele ya macho. Nikabeba saluti tu.

Siku ya tatu kulikucha mawingu. Mvua ilikuwa imenyesha, hewa imepoa, na wazo pekee lililonijia ni kwamba leo kuna baridi tamu kama nyumbani. Yeye alikuwa ameinama anang'oa magugu. Nikachukua bidoni tupu, nikajipenyeza kwenye ile njia, nikapita kona yake moja, nikachuchumaa karibu na maji. Mpango: akija kunitafuta, nitapuliza ndani ya bidoni. Nilikuwa nimefanya mazoezi. Inatoa mlio wa mnyama mwenye mafua, mzuri sana.

Aliita mara moja. Nikaziba mdomo. Akaita mara ya pili. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, haikuwa hasira tena. Niliisikia imebadilika, na nikafurahi. Hilo naliandika kwa sababu ni kweli, si kwa sababu linapendeza.

Nikasikia babushi zake, ndala za plastiki, tap tap tap, anaingia njiani mbio. Akatokea kwenye kona, hatua kama sita kutoka kwangu. Nikainua bidoni mdomoni.

Ndipo masikio.

Kisha kichwa. Na hakuna sauti! Hilo hakuwa ameniambia. Mzigo wote ule unatembea kimya kama masista wakienda kupokea komunyo. Alikuwa anarudi nyumbani amechelewa, amekuta watu wawili kwenye barabara yake, na akasimama kufikiri.

Nilitaka kupiga kelele. Mimi, ninayeongea darasani, ninayeongea misani, niliyewahi kufukuzwa kwenye mtihani kwa kuongea peke yangu. Mdomo ulifunguka, hakikutoka kitu. Bidoni ikaanguka. Yeye akanitazama usoni. Sijui alisoma nini pale, lakini hakugeuka nyuma, hakuuliza. Aliruka kando ndani ya matete, nikasikia mabua yanavunjika, na sauti yake humo ndani:

"Kando! Weye mujinga, kando!"

Na mimi? Miguu yangu, miguu iliyosomeshwa na Kivu, ikanipeleka majini. Neno "kando" nililisikia vizuri kabisa, miguu haikulisikia. Ardhi ikaanza kutetemeka kwa sababu kiboko sasa alikuwa anakimbia, na mimi nimesimama mlangoni kwake. Mtu asiwaambie kwamba nilitumia akili. Niliteleza. Matope yalinitupa ubavuni, uso ndani ya mizizi ya matete, na kitu kama ukuta kikapita mgongoni kwangu. Maji yakapasuka, yakanifunika, yakarudi. Nilipoinua kichwa, katikati ya mto kulikuwa na matundu mawili ya pua na yale masikio, yananiangalia.

Nilipanda kwa magoti. Yeye alikuwa ametoka upande wa shamba, mikono imechanjwa na majani ya matete, shavu linatoka damu. Nikangoja anipige. Kweli nilitaka anipige.

"Nilizani amekukamata," akasema. "Niliita mara tatu."

Basi. Tukarudi nyumbani.

Nyumbani alisimulia yote, bila chumvi. Tantine, mama yake, akashika kichwa. Tonton hakugomba. Saa sita, jua lilipowaka sawasawa, alitupeleka wote wawili, akapiga matete kwa ubapa wa panga, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akanionyesha chini pale kwenye kona.

"Soma," akasema.

Nikainama. Kulikuwa na alama ya babushi, mistari ya plastiki imechapika vizuri kwenye udongo mbichi, vidole vinaelekea mtoni. Kisigino hakikuwepo. Juu ya mahali pake kulikuwa na alama nyingine, pana kama sahani ya wali, vidole vinne.

"Ile ya chini ni ya nani?"

"Yake."

"Na ile iko juu?"

"Ya kiboko," nikajibu.

"Angalia mipaka yake," tonton akasema. "Yote mbili iko bado mubichi, haiyaanguka. Kati ya huyu na yule haikukuwa hata muda ya kupiga chafya."

Nikaendelea kuinama pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika, kwa sababu nikisimama ningelazimika kumtazama. Mwishowe nikasimama.

"Unisamehe," nikamwambia.

Aliniangalia mdomo. Ananijua, siku zote tatu kila neno jema langu lilikuwa na mkia wa mzaha. Akangoja mkia. Tonton naye akangoja, panga begani. Mto ulikuwa unasikika nyuma ya matete.

"Njo hiyo tu?" akauliza.

"Njo hiyo tu."

Akafuta shavu kwa mgongo wa mkono, akatazama damu, akageuka kuelekea shambani.