Gambuti Lililobaki Kinamasini

Niliondoka nyumbani Kijenge asubuhi kwa sababu shemeji yangu Anaeli alitaka kuchimba mfereji. Kinamasi cha familia, juu ya Usa River, kilikuwa kimepungua kwa ukame, naye alitaka kukimaliza kabisa apande maharage mabichi ya wale wanunuzi wapya wanaopeleka Ulaya. Wifi yangu Elipokea alikataa: ndama wake wanywe wapi? Sehemu ya marehemu mume wangu iko katikati, hivyo neno la mwisho likawa langu. Nilivaa magambuti ya marehemu. Yalinipwaya, nikaongeza soksi.

Njiani, barabara ya Moshi, niliona vumbi na migomba iliyojikunja majani. Nikawa upande wa Anaeli kabla sijafika.

Saa nne nilikuwa uwanjani kwao.

"Karibu, Mama Neema! Umekuja kama bwana shamba," wifi akanicheka.

Tukashuka wote watatu. Sitasema uongo: pale nilipokata matete nikiwa bi harusi, udongo ulikuwa umepasuka. Hata chura hakulia.

"Si unaona, shemeji?" Anaeli akasema. "Hapa maji ni historia."

"Historia ni wewe," wifi akamjibu. "Mwache afike katikati."

"Pamekauka," nikatangaza, nikakanyaga katikati.

Ukoko ukavunjika. Nikazama hadi gotini. Walinivuta, mmoja mkono huu, mwingine ule. Mimi nikatoka, gambuti likabaki.

"Kaka amekataa!" wifi akapiga kelele, akakaa chini kwa kicheko. Nilicheka, nikalia kidogo, nikacheka tena. Shimo lilikuwa limejaa maji meusi ya baridi, na ndama mmoja wa wifi, aliyetufuata, alishaingiza pua.

"Mfereji hapana," nikamwambia Anaeli. "Lakini kingo zimekufa kweli. Panda maharage huko, katikati tusiguse."

Akakuna kichwa. "Haya. Na ukame ukizidi?"

"Utaniita nije kuangalia tena."

"Na gambuti moja?" akauliza.

Jioni nilirudi Kijenge na magimbi ya wifi begani, mguu mmoja gambuti, mwingine kandambili. Watoto wa jirani walinisindikiza kwa vicheko hadi mlangoni.

Nimejifunza kwamba maji hayapimwi kutoka barabarani. Gambuti nililorudi nalo nimeliosha. Nikiitwa nitalivaa, na mguu wa pili utaenda peku, maana ndio uliogusa maji.