Hazeli Iliyojisokota

Asubuhi hiyo nilirudisha ufunguo wa chumba changu cha kupanga mtaa wa Kingstanding, nikapanda basi lililotangulia kufika. Sikujua nitalala wapi. Tulipofika mtaa wa Bordesley Green, nilimwona kupitia dirisha la basi mama mmoja akiburuta chungu chenye mti wa ajabu: kila tawi limejisokota kama waya wa simu za zamani. Nikabonyeza kengele, nikashuka.

"Maskini, umepigwa shoti," nikauambia mti kwa sauti.

"Aliyepigwa shoti ni wewe," mama akajibu kwa Kiswahili cha Nairobi. Alikuwa Msomali aliyekulia huko. "Hii ni hazeli, imezaliwa hivi. Theluji yenyewe haiiwezi. Unajua kupanda?"

Mlangoni pa nyumba yake palikuwa pamebandikwa karatasi: chumba kinapangishwa.

"Ndiyo kazi yangu, mama." Nilikuwa sijawahi kupanda hata kitunguu.

"Haya. Ukiipanda vizuri, tutaongea habari ya chumba."

Aliponiachia jembe, ndoo na mkasi akaingia kuchemsha chai, nilisoma kadi ya maelezo iliyofungwa shinani, tena mara mbili. Basi shimo likatoka sawasawa: upana mara mbili ya chungu, kina kilekile. Nikashindilia udongo kwa kisigino, nikamwaga ndoo nzima ya maji huku mvua inaninyeshea. Mama akachungulia dirishani, akaitikia kwa kichwa, ameridhika.

Ningeishia hapo. Lakini chini ya shina palichomoza vijiti viwili vilivyonyooka kabisa. Nikadhani mti umeanza kupona. Ili kuusaidia, nikachukua mkasi nikakata tawi moja lililopinda.

"Wee kijana! Umekata nini?" Chai ilimwagika kizingitini.

"Lenye ugonjwa, mama."

"Ugonjwa ni hivyo vilivyonyooka! Huu umeunganishwa juu ya shina la hazeli ya kawaida. Ukiviacha vijiti hivyo, vitaumeza. Wewe ni mtunza bustani tangu lini?"

"Tangu ulipoingia kuchemsha chai," nikakiri, nikamwonyesha kadi. "Upande wa nyuma sikuugeuza."

Akaigeuza yeye. Maelezo ya vijiti yalikuwa palepale. Akacheka mpaka akashika ukuta.

"Mpangaji aliyehama alikata matawi matatu mti ukiwa bado chunguni, akasema ni upepo. Wewe angalau umekiri."

Niling'oa vile vijiti viwili, naye akanisimamia kama mwalimu wa zamu. Kisha akanipandisha ghorofani. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, na dirisha linalotazama ule mti. Juu ya meza akaweka glasi ya maji, akachomeka tawi nililokata, vishada vyake vya maua ya manjano vikining'inia.

"Litakaa hapo, uliangalie kila ukiamka," akasema, akinipa ufunguo. "Na hivyo viatu vya matope, vua."

Nikavua.