Java iliponikatalia Fiche: class loader yangu kwenye dispensari ya Likasi

Wakuu, salamu kutoka Likasi. Nimeona mnabishana kuhusu class loader nikacheka peke yangu, maana mimi ilishanitoa jasho na shahidi yu hai. Siongezi chumvi.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini. Viwanda vimelala, baba yuko nyumbani analima mihogo uani. Mimi nikapata kazi yangu ya kwanza: dispensari ya parokia ilipewa kompyuta mbili, nikaambiwa nitengeneze programu ya fiche, yaani kadi za wagonjwa.

Abbé, padri wa parokia, alitoa sharti moja. Jumamosi ifanye kazi, la sivyo mashine zinapelekwa Lubumbashi. Zikienda, na kazi yangu imekwenda. Na mama alishanitangaza kanisa zima!

Nikatumia framework moja ya Java, kiunzi tayari cha kujengea programu, iliyokuja kwenye CD. Tatizo, kila nikibadilisha fomu ni kuzima programu na kuwasha upya, na ile mashine kuwaka ilikuwa safari.

Nikajiona mjanja. Nikaandika class loader yangu mwenyewe, yaani kipakiaji cha vipande vya programu (class), isome class mpya kutoka kwenye disketi huku programu ikiendelea kutembea.

Ijumaa asubuhi naijaribu.

ClassCastException: Fiche.

Yaani framework inataka Fiche, nimeipa Fiche, inakataa. Nikaprint majina ya pande zote mbili. Fiche. Fiche. Herufi kwa herufi.

(Wataalamu mnaocheka, chekeni tu.)

Kufika saa sita mchana nilikuwa karibu kulia, kusema kweli.

Mama Odette, muuguzi wetu, akanikuta nimeshika kichwa.

"Weye, iko nini?"

"Mama, iko ba Fiche babili, jina moja. Mashini inasema haiko kitu kimoja."

"Inasema kweli. Hapa tuko na ba Ilunga bane. Jina tu haitoshe. Tunaulizaka: mama yako ni nani?"

Kweli, wagonjwa wanne waliitwa Ilunga. Nikaigeukia mashine.

Kumbe kwa Java, class ni jina lake pamoja na loader iliyoileta. Framework ilikuwa na Fiche yake, interface ambayo kila fomu lazima iifuate. Mimi nilikuwa nimeinakili Fiche hiyo hiyo kwenye disketi, na loader yangu ilikimbilia disketi kwanza bila kuuliza mtu. Jina moja, mama wawili.

Nikabadilisha mistari michache: muulize kwanza loader mkubwa, yaani mzazi, akikosa ndipo usome disketi. Nikaifuta na ile nakala.

Ikakubali! Nilicheza mbele ya wagonjwa, sikuona haya.

Jumamosi abbé akaja. Fiche zikafunguka moja baada ya nyingine. Akauliza shida ilikuwa wapi, nikaanza kumweleza kwa Kifaransa changu kizito. Mama Odette akanikata.

"Abbé, mutoto alikuwa anabeba bintu bila kuuliza bazazi. Sasa anauliza."

Abbé alicheka mpaka akavua miwani. "Basi, mashini zibakie."

Nilikaa pale miaka mitatu.

Funzo, wakuu: loader yako imuulize mzazi kwanza, na interface ya framework usiifungashe tena kwenye mzigo wako. Hata leo kwenye server zenye plugin, ugonjwa ni ule ule, majina tu yamebadilika.

Haya, nani mwingine Java imemkatalia kitu mchana kweupe? Shusheni stack trace zenu, zile orodha ndefu za makosa, hapa, tucheke pamoja.