Mwavuli Kati Yangu na Mama Mkwe

Watu wa shirika walipokuja kuuliza kama pesa wanazotutumia kila mwezi zimetufanya tuache kazi, kijiji chetu kilikuwa kimekubaliana kusema hapana. Mimi nikasema ndiyo. Jirani yangu akanikanyaga mguu chini ya benchi. Nikasema ndiyo mara ya pili, wasije wakadhani nimeguna.

Ilikuwa kweli. Kwa miaka mingi nilikuwa kibarua wa kupalilia mahindi kwenye shamba kubwa huko Kwanza, karibu na Kitale. Kila msimu nililala ghalani na magunia, nikarudi nyumbani Bungoma nikitembea kama mtu anayetafuta sindano chini. Pesa za kwanza zilipoingia kwenye simu, nilimpigia msimamizi nikamwambia mgongo unauma.

"Utapona lini?"

"Huu ni wa kudumu."

"Ajabu," alisema. "Migongo ya kijiji chenu chote imeanza kuuma siku moja."

Baadaye nilisikia kwamba mwenye shamba ameongeza malipo na chai ya saa nne imewekwa maziwa. Migongo kadhaa ikapona. Wangu haukupona. Nilibaki nyumbani na mke wangu, na sijuti, kwa sababu ulikuwa mwaka wake wa mwisho.

Tulipomzika, na wenye viti na hema wakaja kuchukua vitu vyao, nyumba ilinyamaza. Chakula kilikuwepo. Simu ililia kila mwezi kama kawaida, na hakukuwa na kitu cha kuniamsha asubuhi. Ndugu yangu aliniambia nina bahati, naweza kuomboleza nikiwa nimeshiba. Nilijaribu. Ukishiba na huna la kufanya, unaanza kusikia kuku wanavyotembea.

Kisha nikapata habari kwamba nafasi ya mke wangu katika soko la Chwele, mahali alipouzia mboga za kienyeji, ilikuwa karibu kupewa mtu mwingine. Nafasi isiyokaliwa haikai bure pale. Siku ya soko ilipofika, nilichuma saga na managu kwenye bustani aliyoiacha, nikafunga mafungu kwa kamba za mgomba, nikapanda bodaboda, nikaketi mahali pake. Mstari mzima ulikuwa wa wanawake.

"Shemeji, umepotea?" aliuliza muuza kunde aliyeketi mbele yangu, mwanamke mwenye ulimi wa kukata sabuni. "Ng'ombe wanauzwa upande ule."

"Sijapotea."

"Ati unauza saga? Mwanaume mzima na ndevu?"

"Ndevu siuzi."

Walicheka mpaka mmoja akamwaga maji ya kunyunyizia mboga zake. Lakini jua lilipofika utosini walikuwa wameacha kucheka. Mboga zangu zilikuwa zimekwisha, zao zinanyauka. Fungu la mboga hupimwa kwa mkono, na mkono wangu umekua ukishika jembe. Fungu langu lilitosha mawili ya kwao, kwa bei ile ile. Wateja wana macho.

"Shemeji, punguza bana," muuza kunde aliniambia, safari hii bila mzaha. "Wewe unalishwa na simu. Sisi tunalishwa na haya majani."

Alisema kweli. Vijiji vyao havikuwa kwenye mpango wa shirika. Lakini mimi nilikuwa nimeonja raha ya kukimbiliwa na wateja, nikamjibu kwamba mkono ni wa Mungu, siwezi kuupunguza. Kunifukuza hawangeweza, maana nilikuwa nimelipa ushuru wa soko kama wao. Nikadhani nimewashinda.

Soko lililofuata nilimkuta mtu mpya ameketi bega kwa bega na nafasi yangu, na managu yake. Nilikwisha kuketi nilipoitambua leso yake. Alikuwa mama mkwe wangu.

Kwetu mtu na mama mkwe wake hawakaribiani. Hawapeani mkono, hawatazamani usoni, hawali mahali pamoja. Wakikutana njiani mmoja huingia kichakani. Wale wanawake walikuwa wamekwenda kumtoa kwake makusudi, na sasa wote walikuwa wakizipanga mboga ambazo zilishapangwa, wakisubiri nikimbie.

Miguu yangu ilitaka kukimbia. Lakini mtu hawezi kuirudia nafasi iliyo kando ya mama mkwe wake baada ya kuikimbia. Ningeondoka pale, ningekuwa nimerudi kwa wale kuku moja kwa moja. Nikamwomba muuza soda mwavuli wake mkubwa, nikaulaza kwa ubavu kati yangu na yeye, nikaendelea kuuza.

Muuza kunde aliziba mdomo kwa leso. Mabega yalikuwa yanamtetemeka.

Sauti ikatoka upande wa pili wa mwavuli, ikimwambia muuza kunde: "Mwambie mkwe wangu mafungu yake yanaua soko la wenzake."

"Shemeji, mama anasema..."

"Mwambie nimesikia."

"Mama, anasema amesikia."

"Mwambie mimi situmiwi pesa na mtu. Hizi managu ndizo unga wangu."

Hilo lilinichoma. Sikuwa nimefikiria kwamba mkono wangu mkubwa ungefika mpaka sufuria ya mama wa mke wangu.

"Mwambie nitapunguza."

"Sasa muulize," sauti iliendelea, "kama unga anao, anatafuta nini hapa?"

Ningeweza kusema nasaidia watoto wa ndugu yangu, au nalinda jina la marehemu. "Mwambie nyumba ina kimya," nilisema.

Muuza kunde hakupeleka ujumbe huo. Mama mkwe akasema, "Mwambie na yangu pia." Mkono ukapita chini ya mwavuli, ukavuta fungu langu moja la saga, na baada ya muda ukalirudisha likiwa limegawanywa mafungu mawili.

Tangu hapo hakosi soko. Waliomleta wanajuta, maana sauti yake ya kuita wateja inafika kwa wenye ng'ombe, na anamaliza kuuza kabla ya wote. Walitaka kumtoa mmoja, sasa wana wawili. Mimi nafunga mafungu madogo, na mteja akilalamika namwambia aulize upande wa pili.

Muuza kunde ndiye amechoka. Juzi alisimama, akashika kiuno. "Mimi nilikuja kuuza kunde, si kuwa posta! Kutwa nzima mwambie, mwambie. Si tuondoe tu huu mwavuli?"

"Hapana!" tulisema mimi na mama mkwe kwa pamoja, tena kwa nguvu, na mstari mzima ukapasuka kwa kicheko, kwa sababu ndiyo ilikuwa mara ya kwanza sisi wawili kuzungumza.