Chatu Mwenye Redio Tumboni

Shule niliiacha darasa la sita. Nilikuwa nazurura Kahama bila kazi mama mmoja mtafiti wa nyoka aliponichukua nimbebee vifaa kule Geita. Miaka miwili tulimfuata chatu mmoja ambaye mtafiti alimwekea redio ndogo tumboni. Mimi nilibeba kipokezi kinachonasa mlio wake.

Asubuhi hiyo mlio ulitupeleka kwenye duara, shimo la wachimbaji wa dhahabu. Walikuwa wamemkatakata chatu wetu kwa mapanga. Mmoja alishika ile redio ikichuruzika damu.

"Mama nyoka, hii inatafuta dhahabu, sivyo?"

"Inatafuta chatu."

Mchimbaji alimzaba mtafiti kofi, akaanguka. Nilipomkinga nilitandikwa mpini wa sururu mgongoni. Panga likagusa shingo ya mtafiti.

"Sema kweli, mama!"

"Inatafuta chatu tu," alirudia.

"Inatafuta dhahabu!" nikapiga kelele mimi, nikiwaonyesha kipokezi.

Walininyang'anya kipokezi wakakimbia nacho, wakipigana ngumi nani akishike. Mtafiti aliinuka, mdomo umepasuka, akapiga magoti kwenye damu ya chatu.

"Umesema uongo," akaniambia. "Haya, shika futi."

Tulimpima kipande kwa kipande, mpaka mkia.