Tiketi Mbili za Mchezo Usio na Viti

Mwaka ule kaka yangu alikuwa amemaliza miezi saba bila kuvuka mlango wa barabarani. Kutwa nzima alikaa nyuma ya nyumba, ungo magotini, akichagua mawe katika mchele aliotutumia mama kutoka kijijini kwake Tunda. Alichagua vizuri kuliko mwanamke yeyote wa mtaa wetu wa Kasuku. Mchele wetu haukuvunja jino la mtu, na mimi niliuchukia mchele ule kwa moyo wangu wote.

Kabla ya hapo alikuwa karani wa stesheni. Kila asubuhi, kabla ya kushika kazi, wafanyakazi walisimama mbele ya bendera wakaimba na kucheza nyimbo za Chama, wakubwa kwa wadogo. Asubuhi moja kaka alikuwa na homa, akasimama kimya. Ni hivyo tu, hakumtukana mtu. Lakini aliyesimama ubavuni mwake aliona mdomo umefungwa, akapeleka habari kwa wanaopokea habari za namna hiyo, nao wakaja kumchukua. Walikaa naye miezi minne. Alipotoka hakusema alikuwa wapi, nasi hatukuuliza. Rafiki zake wakawa wanamsalimia kutoka ng'ambo ya barabara, na wengine hata mkono hawakuinua. Mwishowe akaacha kutoka.

Mama alituma maneno kwa dereva wa lori la Kibombo: kama mtoto wake hawezi tena kukaa na watu, nimpeleke kwake shambani. Nilijua maana yake. Akienda Tunda harudi, atazeekea kwenye mpunga na hata miaka thelathini hajafika. Mimi ndimi dada yake mdogo wa pekee, na yeye ndiye aliyeninunulia cherehani iliyokuwa inanilisha. Nikaapa kwamba nitamtoa nje hata kwa kumvuta sikio.

Ndipo tangazo likabandikwa ukutani sokoni. Walimu vijana wa shule moja ya mjini walikuwa wametunga mchezo wa namna mpya, utakaochezwa Jumapili alasiri, mara moja tu, katika ghala la zamani la pamba karibu na mto. Mchezo usio na jukwaa wala viti. Watazamaji watatembea ndani ya ghala, chumba hadi chumba, katikati ya wachezaji, na mchezaji ataweza kukushika mkono, kukuuliza neno, kukupa mzigo ubebe. Chini ya tangazo palikuwa na muhuri wa Chama, maana yake ruhusa imetolewa. Sisi tulizoea wachezaji kule na sisi huku, na kila mtazamaji na kiti alichobeba kichwani kutoka nyumbani kwake. Mji ukabishana wiki nzima.

"Mutu alipe feza ili asimame?" wengine walisema.

"Na kama miye njo muchezaji, si wao njo wanilipe?" wengine wakajibu.

Mimi niliona bahati yangu imefika. Huko ndani hakuna atakayeweza kumsalimia kaka kutoka ng'ambo ya barabara. Itabidi wamguse, waseme naye. Kulikuwa na shida moja tu: tiketi ziliuzwa asubuhi moja, na kila mtu alitakiwa ajinunulie mwenyewe, na karte, ile kadi yake ya Chama, mkononi. Kwa hiyo ilibidi atoke mara mbili.

Nilimsumbua siku tatu, nikimwita yaya, yaani kaka mkubwa kwa kwetu.

"Yaya, twende."

"Miye niko na muchele."

"Muchele hautakimbia."

"Na watu?"

"Watu njo tunaenda kuwaona."

Siku ya nne niliuficha ungo kwa jirani. Akakaa na mikono mitupu, akanitazama, halafu kwa mara ya kwanza tangu arudi akacheka kidogo. Akaoga, akavaa shati lake la bluu. Nilitembea mbele yake njia nzima, maana niliogopa nikimtazama atageuka.

Tulipofika ghalani mstari ulikuwa umeshapita kona. Watu wengine walikuja na viti vyao juu ya kichwa, ingawa tangazo lilisema wazi hakuna kukaa. Mzee mmoja mwenye kofia ya Kiislamu alikuwa amekaa kabisa kwenye kiti chake ndani ya mstari, akikisogeza hatua moja moja. Na kila mtu alikuwa ameshika karatasi. Tangazo lilitaka karte tu, lakini watu walileta risiti za kodi, vyeti vya ndoa, hata vile vikaratasi vya salongo, kazi ya lazima ya kila wiki. Hakuna aliyejiuliza karatasi zote hizo ni za nini katika kununua tiketi ya mchezo. Tulikuwa hivyo wakati ule. Ukiona dirisha na mtu nyuma yake, mkono unaenda mfukoni wenyewe. Mimi pia nilikuwa na risiti ya kodi ya mwaka uliopita, na mpaka leo najiona mjinga.

Dirisha lenyewe lilikuwa lile la wavu ambapo zamani wakulima walilipwa pamba yao. Nyuma yake alikaa mwanamume nisiyemjua, amevaa abakosti nyeusi, ile suti isiyo na tai ya watu wa serikali, na miwani nyeusi. Mbele yake daftari kubwa. Nilipomwona tu, nikajua wakubwa wamemtuma asimamie.

Mwanzoni mstari ulikuwa na kelele. Kadiri tulivyosogea, kelele zilipungua. Aliyetoka dirishani na tiketi hakusimama kusimulia, hakuionyesha, aliondoka tu. Watu wanne mbele yangu alikuwepo jirani yetu, mama muuza sabuni kutoka Butembo, pamoja na mume wake. Mama yule huwa hawezi kunyamaza hata kanisani. Aliinama dirishani, nikaona mgongo wake umekakamaa. Alipogeuka alinipita bila salamu, macho chini. Mume wake akafuata baada ya muda, akaenda upande mwingine.

Nilitaka kutoka katika mstari. Lakini kutoka ni nini, kama si kuonekana unatoka? Na nikimrudisha kaka nyumbani sasa hivi, hatatoka tena, nitamfungia mzigo mimi mwenyewe kwenda Tunda. Nilisikia anapumua nyuma yangu, polepole, kama mtu anayengoja zamu yake kwa kinyozi. Kaka wa watu, nikasema moyoni, hajui anakoingizwa.

Zamu yangu ikafika.

"Karte!"

Nikaipitisha chini ya wavu. Niliongeza na risiti ya kodi.

"Kazi?"

"Nashonaka nguo, shefu."

Aliandika. Aliandika muda mrefu kuliko jibu langu. Kisha akainua kichwa, akatazama juu ya bega langu.

"Ule nyuma yako, wa shati ya bluu. Iko habari yake hapa," akasema, akigonga daftari kwa kidole. "Unamujua?"

Mdomo wangu ulikuwa na neno moja tu ndani yake, nalo lilikuwa kaka. Nawaambia kweli, lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Lakini nikaona cherehani yangu inabebwa, nikaona mimi mwenyewe nimeingizwa ndani ya gari, nikamwona mama anasubiri habari za watoto wawili badala ya mmoja.

"Hapana, shefu," nikasema.

"Sema kwa nguvu! Wote wasikie!"

"Simujui!"

Nilipaza sauti hiyo mimi. Akapiga muhuri mwekundu, akanisukumia tiketi na karte yangu. Nilisogea pembeni hatua mbili, nikajifanya naisoma tiketi, na hapo nikasikia yote.

"Na weye, sitwayeni," akasema, maana ndivyo serikali ilivyotaka kila raia aitwe. "Mwanamuke huyu wa mbele yako, unamujua?"

"Hapana, shefu," kaka akasema. "Njo mara ya kwanza namuona."

Alisema bila kutetemeka, karibu kwa upole. Muhuri ukapigwa tena, mwekundu.

Tulirudi nyumbani kama watu wasiojuana, mimi mbele, yeye hatua ishirini nyuma, mpaka mlangoni. Sikugeuka hata mara moja. Niliingia jikoni nikawasha moto ambao sikuuhitaji, ili nikilia niseme ni moshi. Nililia kwa aibu, halafu kwa hasira, kwa sababu hasira ni nyepesi kubeba. Nilimkasirikia mtu wa daftari, nikawakasirikia walimu na mchezo wao, nikamkasirikia hata kaka: kwa nini avae shati linaloonekana namna ile? Yeye alikuwa nyuma ya nyumba.

Alasiri mama wa sabuni akaingia bila kubisha hodi. Nilidhani analia, kumbe ni kicheko kimemshinda.

"Mama, tumechezewa!" akasema. "Ule wa miwani hana ukubwa wowote. Njo mwalimu mugeni, amefika mwezi huu tu. Mume wangu amemukuta nyuma ya gala, ametoa miwani, wanakunywa chai na wenzake, wanacheka!"

"Lakini alisema iko habari…"

"Alisema vile kwa kila mutu! Muchezo umeanzia pale pale kwenye dirisha. Aliyekana mwenzake, muhuri mwekundu, ataingia mulango wa nyuma, peke yake. Aliyekubali, muhuri mweusi, ataingia mulango wa mbele. Na weusi hawajai hata mukono moja! Miye, miaka kumi na moja namupikia mume wangu, nimesema simujui. Na yeye, mbwa ule, amesema hajanionaka!"

Alisimulia juu ya yule mzee wa kiti. Alipoulizwa kama anamjua kijana aliyekuwa nyuma yake, alijibu kwamba ni mkwewe, na wakitaka kuwafunga wote wawili wawafunge, lakini kiti chake kirudishwe nyumbani. Tukacheka mpaka tukashikana mabega. Mji mzima ulikuwa umekanana asubuhi moja, na sasa mji mzima ulikuwa unacheka. Niliona mzigo umenitoka. Baadaye nilisikia kwamba karatasi waliyoombea ruhusa ilisema mchezo unahusu enzi za ukoloni wa Wabelgiji, si enzi zetu, na mpaka leo nawashangaa walimu wale kwa ujasiri wao.

Jirani alipoondoka nilikimbia nyuma ya nyumba, bado nacheka.

"Yaya! Ilikuwa muchezo! Ule mutu njo mwalimu tu!"

"Nilijua," akasema.

"Ulijua vipi?"

"Alikuwa anapiga kelele." Alinijibu taratibu, kama mtu anayeeleza kazi aliyoifanya zamani. "Wale wa kweli hawapigake kelele. Wanakupatia kiti. Wanakuita ndugu. Wanakuuliza mama yako anaendelea vizuri."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyowahi kuniambia juu ya ile miezi minne. Ningepaswa kunyamaza, lakini mimi sina adabu hiyo.

"Kama ulijua ni muchezo, sababu gani ukasema haunijui?"

"Sababu weye haukujua. Uliogopa kweli, mudogo wangu. Kama ningesema huyu njo dada yangu, uongo wako ungeonekana, ungeanguka pale pale mbele ya watu." Akaninyooshea mkono, akanigusa bega, bila hasira yoyote. "Miye nilikuwa nacheza tu. Weye haukukuwa unacheza."

Kicheko nilichokuja nacho kilikuwa bado usoni, sikujua nikiweke wapi. Kama angenifokea ningemfokea, tungegombana, tungemaliza. Lakini alikuwa ananituliza mimi, yeye niliyemkana kwa sauti mbele ya mstari mzima.

Jumapili alivaa shati lile lile, akaniita mlangoni. Nilimwambia atangulie, nitakuja. Sikwenda. Tiketi ile yenye muhuri mwekundu niliiweka chini ya kitambaa cha cherehani, nikakaa juu ya kitanda nikisikiliza watu wakipita na kuongea kwa furaha. Sikuwa na uso wa kuingia mlango ule, hata kama nusu ya mji ilikuwa inaingia humo humo.

Alirudi kabla jua halijazama. Nilimsikia kutoka mbali, anaongea na watu barabarani, anaagana nao kwa sauti. Alikuwa na vumbi la pamba kwenye nywele. Alikaa jikoni akanisimulia chumba kwa chumba: jinsi walivyopewa magunia wabebe, jinsi walivyofungiwa gizani wakaambiwa kila mmoja amshike mkono aliye karibu naye, na taa ilipowashwa akakuta ameshika mkono wa mkubwa wake wa stesheni. Yule bwana hakuuachia. Alimwambia kesho apite ofisini. Kaka alisimulia hayo kwa mdomo uliojaa chakula, akicheka, mikono yake ikionyesha kila kitu. Kitu nilichokitaka miezi saba kilikuwa mbele yangu kinakula, na mimi sikuweza kumtazama machoni.

"Nilikutafuta kule," akasema mwishoni. "Sababu gani haukukuja?"

"Tumbo ilinishika," nikasema.

Alinitazama kidogo. Alijua ni uongo, akaniachia na huo pia.