Jinsi Tulivyomstaafisha Kamanda Radi

Watoto wa jirani yangu hapa Same wameletewa ludo mpya, na tangu Jumamosi nasikia dadu zikigonga ndani ya kikombe cha bati. Jua la huku chini unalijua, mchana hata kuku wanajificha chini ya gari. Nimekaa barazani, miguu nimeitia kwenye beseni la maji, na badala ya kuwakemea wale watoto najikuta natabasamu peke yangu. Si tabasamu zuri. Mume wangu analijua. Akaniuliza, "Umemkumbuka nani tena?" Nikamwambia, mtoto wa shangazi. Akaguna, akaingia ndani, maana habari hiyo ameisikia mpaka imemchosha. Wewe hujaisikia, basi kaa.

Nakuambia mapema kwamba mimi ni mtu wa kinyongo. Watu wanatusema Wapare kwamba tunapenda kesi, na wala hawajakosea. Wengine wanasamehe upesi, wakashiba, wakalala. Mimi nikikosewa naweka. Nikishaweka, siku yake itafika tu.

Nililelewa Mhezi, kule juu, kwa bibi mzaa baba. Baba alikuwa kibarua kwenye mashamba ya mkonge huko Tanga, na mama alikuwa amelala nyuma ya nyumba, chini ya migomba, tangu mwaka uliotangulia haya ninayokusimulia. Asubuhi ukungu uliingia mpaka jikoni ukachanganyika na moshi, usijue kipi ni kipi. Kabla ya shule nilikuwa nimeshachota maji na kumkatia ng'ombe majani, vidole vimekufa ganzi. Jioni makande yalichemka kwenye chungu cheusi, na harufu yake ilitoka mpaka njiani, ile harufu ya mahindi na maharage iliyokuwa ikinifanya nikimbie kilima chote na ndoo kichwani. Leo hapa Same napika makande kwa gesi. Yanaiva, sikatai. Lakini yale siyo.

Chumba cha uani bibi alimpangisha mwalimu wa hesabu, kijana aliyetokea kusini, mpole mpaka inaudhi. Huyo ndiye aliyetuletea mchezo. Alijifunza chuoni kwa wenzake, akaja na kimfuko cha dadu za ajabu, nyingine zina nyuso nyingi hadi zinakaribia kuwa duara. Ubao haukuwepo, wala kete. Ilikuwepo meza ya bibi, hadithi, na sisi. Kila mmoja alijitungia mtu wake, akamgawia nguvu, akili na mbio kwa hesabu alizotufundisha. Kisha mwalimu anaanza: "Mmefika kwenye korongo, daraja limekatika, na nyuma kuna kitu kinakuja. Mnafanyaje?" Unasema unachofanya, unarusha dadu, na dadu inaamua kama umeweza au umeangukia pua. Tulicheza Jumamosi mchana, kazi zikishaisha, mvua ikipiga bati mpaka mwalimu anapaza sauti kama yuko mimbarini.

Tulikuwa watatu mezani. Mimi, binti wa jirani, na mtoto wa shangazi, ambaye shule zikifungwa alipandishwa kutoka Same aje kupata hewa nzuri kwa bibi. Aliipata hewa, akatusimanga nayo. Sisi kwake tulikuwa washamba wa mlimani, tunaonuka moshi, hatujui hata soda ya baridi.

Mtu wangu mimi nilimwita Namkunda. Hakuwa na upanga. Alikuwa mganga wa mitishamba, anajua jani la homa na jani la kidonda, na alikuwa na namna ya kusema "haya, tulia sasa" kabla ya kumtibu mtu. Hiyo ilikuwa kauli ya mama. Sikumwambia yeyote, lakini hapakuwa na haja. Siku ya kwanza niliyoisema mezani, bibi, aliyekuwa pembeni na ungo wa maharage, aliacha kuchambua. Binti wa jirani akaangalia chini. Mtoto wa shangazi naye alijua, maana mama yangu ndiye aliyemtibu alipoungua uji akiwa mdogo, kwa maneno hayo hayo.

Yeye alikuja na Kamanda Radi. Jina tu linakuonyesha. Na mwalimu kwa upole wake alikuwa na kosa moja, hawezi kumnyima mtoto zawadi. Kamanda akimuua nyoka, anapewa upanga usiokosa. Akimuua chui, anapewa mbawa. Ikapatikana ngao isiyopenyeka na kitu chochote, ambayo aliyeishika hafi. Hapo mwalimu akasema kikao cha kijiji kiamue ni ya nani. Kijiji chetu cha mchezoni tulikifananisha na chetu cha kweli, na kikao chake kilikuwa sisi wote pamoja na bibi, aliyekuwa na sauti ya wazee. Bibi mchezo wenyewe aliuita upuuzi. Lakini kikao! Kikao alikipenda, alifunga na kilemba kabisa. Basi mtoto wa shangazi akamtengenezea bibi chai, akamkumbusha sukari aliyotumiwa na shangazi kutoka mjini, na ngao ikawa yake. Nilipopinga akanipigia kelele usoni, "Uamuzi wa kikao haupingwi! Mwalimu kasema mwenyewe!"

Toka siku hiyo mchezo ulikufa. Likija jitu, Kamanda kashalimaliza sisi hatujagusa dadu. Tukifika kwenye fumbo, Kamanda anavunja mlango. Mimi na binti wa jirani tukawa wapagazi wake, tunabeba chakula na kusema hongera. Mwalimu alijaribu majitu makubwa zaidi, yakafa kwa kishindo zaidi.

Kisha ikaja siku ya korongo. Fisi mkubwa alimkamata Namkunda, kambana kwenye mwamba. Nilikuwa na dawa ya kumlaza usingizi, nilihitaji zamu moja tu nirushe dadu. Mtoto wa shangazi hakungoja. Akasema Kamanda anapiga radi, inawapiga wote wawili, yaishe. Mwalimu akamwuliza, "Una hakika? Utamuua na mwenzako." Akacheka. Akasema, "Acha afe. Si amezoea?"

Amezoea.

Mvua ilikuwa inanyesha, lakini nililisikia neno hilo vizuri sana. Mwalimu alisema tu, "Basi, basi, tuendelee," na dadu ikarushwa, na Namkunda akafa. Sikulia. Nilitoka nikaenda kumpa ng'ombe maji wakati alikuwa ameshakunywa. Nikajiambia, huyu atalilipia neno hilo, na kwa mkono wake mwenyewe.

Kumpiga nisingeweza, wala mezani Kamanda hapigiki. Kwa hiyo nikafikiri kama Mpare. Pale jirani na kwetu palikuwa na ndiva, na kama hukulelewa milimani kwetu nikueleze. Ni bwawa la udongo na mawe walilochimba mababu. Jioni unaziba mdomo wake, maji ya kijito yanakusanyika usiku kucha, alfajiri unaufungua yashuke mashambani kwa zamu. Wote tuliitwa msaragambo, ile kazi ya kijiji kizima, kuzoa tope na kurudishia mawe. Lakini kuziba na kufungua ni kazi ya mlinzi mmoja, na heshima yake ilikuwa kubwa ajabu. Akipita anaamkiwa, kwenye sherehe ana kigoda chake. Ila kwa kanuni ya kwetu mlinzi hasafiri. Hata msiba ukiwa kijiji cha pili, hendi. Halali nje hata usiku mmoja. Mtoto wa mlimani anaijua kanuni hiyo kabla ya kujua kusoma. Mtoto wa mjini anaona kigoda tu.

Jumamosi iliyofuata nilikuja na mtu mpya, kikongwe hana meno, hana hata fimbo. Mtoto wa shangazi alicheka mpaka akakohoa. Tulipofika kwenye kijiji cha mchezoni, kikongwe wangu akaomba kikao. Nikasimama, sauti nimeilainisha kwa asali. Nikasema Kamanda Radi ametutoa mbali, ni aibu kijiji kukosa kumtunza. Apewe kigoda, avishwe ngozi, achinjiwe beberu, awe mlinzi wetu wa ndiva. Binti wa jirani, tuliyekula naye njama kisimani, akapiga vigelegele. Mwalimu, mtu wa kusini, akaona ni jambo zuri la upatanisho.

Bibi alinitazama. Alinitazama kwa muda, ungo umetulia mapajani. Sikumweleza kitu, na mpaka leo sijui alielewa kiasi gani. Alijifunga kanga vizuri, akageuka kwa mjukuu wake wa mjini, akamwuliza kwa sauti ya wazee, "Kijiji kinakupa. Unapokea?"

"Napokea!" Kasimama kabisa, kifua mbele.

"Kwa mikono miwili?"

"Kwa mikono miwili, bibi!"

Tulimwimbia, tukampigia makofi. Alikula beberu wa kufikirika kwa madaha.

Baada ya chai mwalimu akaanza safari mpya, kwenda msitu wa Shengena kutafuta jiwe linaloimba. Mtoto wa shangazi akanyoosha mkono kwenye dadu. Bibi, macho kwenye maharage, akasema, "We unakwenda wapi?"

"Si safarini, bibi."

"Na ndiva anaziba nani jioni?"

Mwalimu akatugeukia, nikamweleza kanuni taratibu, neno kwa neno, kama nilivyoifanyia mazoezi. Akakuna kidevu, akakubali kwamba kijiji hiki tulikifananisha na chetu. Mtoto wa shangazi akasema basi anajiuzulu. Bibi akamwambia mlinzi hajiuzulu, anatoka kikao kikimpata anayemzidi nguvu, au akifa.

"Na nani anamzidi nguvu Kamanda?" nikauliza.

Hakuna. Alihakikisha mwenyewe hakuna.

"Basi afe," binti wa jirani akasema.

"Hawezi," nikasema. "Ana ngao."

Ungemwona uso! Ulimwiva kuanzia shingoni mpaka masikioni. Akapiga meza, vikombe vikaruka. Akasema ni uonevu, akamlilia mwalimu, akamlilia bibi, akataka kikao kingine. Nikangoja amalize. Nikamwambia polepole, karibu karibu na sikio, "Uamuzi wa kikao haupingwi." Akalia. Alilia machozi ya kweli, makamasi mpaka kwenye shati la mjini, na roho yangu ikatulia, weee, ikatulia kama mtu aliyekunywa maji baada ya kulima.

Mwalimu alimtungia mtu mwingine, mchungaji wa mbuzi asiye na kitu. Akawa anabeba mizigo yetu. Mchezo ukafufuka, tukawa tunaogopa tena, tunakimbia tena, tunashinda kwa tabu. Na kila tuliporudi kijijini sikuacha kupita ndivani. "Shikamoo mlinzi, maji yametosha?" Kwa sheria za mwalimu ilimpasa ajibu kwa sauti ya Kamanda. "Marahaba. Yametosha." Nilimwamkia likizo ile, na iliyofuata, na nyingine. Sikuchoka. Ukiniuliza leo kama nilizidisha, nitakujibu bado hayajatosha.

Siku hizi ukipanda Mhezi utakuta nyumba nyingi zina kufuli. Mwalimu alihamishwa, akaondoka na kimfuko chake, na hakuna aliyejua pa kumtafuta. Binti wa jirani kaolewa mbali, tunatumiana salamu za sikukuu kwa simu. Meza ya bibi iliuzwa ama ilipasuliwa kuni, kila mtu ananiambia lake. Na bibi mwenyewe tulimzika mwaka juzi, pembeni ya mama, chini ya migomba ile ile. Kilemba chake cha vikao ninacho mimi. Sijathubutu kukifua, maana bado kina moshi wa jikoni.

Siku ya kuanua matanga mtoto wa shangazi alikuwepo. Nywele zimemkimbia, tumbo limekuja, gari kaliacha mbali kwa ubovu wa barabara. Wageni walipopungua aliniomba tutembee kidogo, tukapanda hadi ndivani. Mabomba yamefika, msaragambo ukiitwa wanakuja vikongwe wawili na mbwa. Kuta zimebomoka. Katikati pameota matete, ng'ombe wa mtu alikuwa amesimama humo anatafuna.

Kisha akasema, "Dada."

"Nini."

"Mwanangu ameanza kucheza ule mchezo shuleni kwao. Nimemsimulia Kamanda. Anataka amrithi." Akajichekesha. "Mtoe basi."

Nilidhani anatania. Nikamwangalia machoni, hakuwa anatania. Basi nikangoja. Nakuapia nilingoja kwa nia safi. Kaburi la mama lilionekana kutoka pale tuliposimama, na lile la bibi bado udongo wake mwekundu. Angesema neno moja tu juu ya siku ile ya korongo, moja, hata kwa kulibabaisha, ningeita kikao pale pale, mimi na yeye na ng'ombe, nikamfungulia Kamanda wake aende zake.

Akayatazama matete. Akasema, "Bibi hayupo, kikao hakipo, ndiva yenyewe imekufa. Analinda nini sasa?"

"Tope," nikamwambia, nikatangulia kushuka.